Kabro za plastiki kwenye ploti yangu Kitengela: uzoefu wangu

Kabro, yaani vitofali vya kutandaza chini, nilizoweka kwenye ua wa vyumba vyangu vya kupangisha hazina hata chembe ya simiti. Ni mchanga na plastiki chakavu tu: mitungi ya mafuta ya kupikia, vifuniko vya chupa, ndoo zilizopasuka. Plastiki husagwa, huchanganywa na mchanga, hupashwa moto mpaka iyeyuke na kuushika mchanga, kisha hugandamizwa kwa mashine. Hapa Kenya kabro za namna hii zilijulikana sana kupitia Nzambi Matee na kampuni yake ya Gjenge Makers ya Nairobi, naye mwaka 2020 akatunukiwa na UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, miongoni mwa Mabingwa Vijana wa Dunia. Zangu nilizinunua kwenye karakana ndogo zaidi. Zimepita masika na kiangazi, wapangaji wanazikanyaga na bodaboda zinaingia na kutoka kila siku, na nimeridhika nazo.

Aliyejenga Kitengela anaujua udongo wake mweusi. Mvua ikinyesha unafura, jua likikaza unapasuka nyufa za kuingiza mkono, na sakafu yoyote ya zege iliyomwagwa juu yake bila maandalizi hukatika. Muuzaji mmoja aliniambia kabro za plastiki ni nyepesi kwa hiyo zinaweza kulazwa moja kwa moja juu ya udongo huo. Usikubali. Tuliuchimba na kuutoa, tukajaza mawe na maramu (changarawe nyekundu ya kujazia), tukashindilia kwa kompakta, ndipo tukamwaga mchanga wa kulazia. Gharama hiyo ni ile ile, kabro ziwe za simiti au za plastiki.

Fundi wangu alizipenda tangu siku ya kushusha mzigo. Kabro za simiti hufika na pembe zilizomeguka. Hizi alirusha moja juu ya jiwe makusudi, ikadunda na kubaki nzima. "Mama, hizi hutatupa hata moja," akaniambia. Aliacha nafasi kidogo kati ya kabro na kabro akajaza mchanga, kwa sababu plastiki hutanuka kwa joto kuliko simiti, na zikibanwa sana saa saba mchana zinaweza kuinuka. Oili ya pikipiki inatoka kwa sabuni na brashi bila kuacha doa. Unene wa zangu ni milimita 60, wa kutembea na magari madogo. Boza la maji halipiti juu yake. Linasimama langoni na kuvuta mpira.

Moto ndio udhaifu wake mkubwa. Mpangaji mmoja aliwasha jiko uani, makaa yakaanguka, na pale yalipoanguka pamebaki vishimo vilivyoyeyuka. Tangu hapo kuna sehemu ya zege ya kawaida kando ya bomba, na majiko yote yanawashwa hapo. Zikiwa mpya na zimelowa pia zinateleza, kwa hiyo ukiwa na wazee au watoto chagua zenye uso wenye mikwaruzo. Rangi nyekundu imepauka kidogo kwa jua. Ya kijivu haionyeshi.

Kabla ya kulipa, ingia karakana uone kinachoyeyushwa. Plastiki ya mitungi huyeyuka kwenye nyuzi 130 hivi, ilhali ya chupa za maji huhitaji karibu 250. Anayezitupa zote kwenye pipa moja anaunguza moja huku nyingine bado ngumu. Mabomba ya PVC, ile plastiki ngumu ya mabomba ya maji, yasiwemo kabisa, maana yakipashwa moto hutoa gesi ya asidi, na anayeivuta ni kijana aliyesimama hapo kutwa. Karakana ya kwanza niliyoitembelea nilitoka nikikohoa. Sikununua kwao. Na fundi akikata pembe kwa grainda, mwambie atandike turubai na kukusanya unga wote. Plastiki hiyo ilitolewa mtaani, isirudi mtaani ikiwa vumbi.

Kuna bidhaa nyingine inayouzwa kwa jina lile lile, nayo ni tofauti kabisa: matofali ya zege ambamo vipande vya plastiki vimewekwa badala ya sehemu ya mchanga. Muuzaji wake alinipa moja la mfano, nikalivunja. Vipande vilikuwa vinang'aa na kuchomoka kwa ukucha, na mahali vilipokuwa pamebaki tundu laini. Simiti haishiki plastiki nyororo, ndiyo maana kadiri inavyoongezwa ndivyo zege inavyopungua nguvu. Si kwamba haiwezekani: watafiti wa Chuo Kikuu cha Bath, Uingereza, wakishirikiana na wenzao wa Goa, India, walionyesha kuwa asilimia 10 ya mchanga inaweza kubadilishwa, mradi plastiki iwe ya aina na ukubwa uliochaguliwa vizuri. Kwa nchi ambayo mito yake inachimbwa mchanga mpaka inakauka, hilo ni jambo la maana sana. Lakini yule muuzaji hakuweza kuniambia ameweka kiasi gani, wala hakuwa na karatasi ya maabara, na bado alisema yanafaa kubeba ghorofa.

Ua wa nyuma nao nitautandaza kabro za plastiki mvua zikiisha, na pale pa kuegesha magari nitaulizia za milimita 80. Kuta za vyumba vipya zitakuwa mawe ya Ndarugo, yale ya kujengea yanayochimbwa huko.