Nuksi imeandikwa vizuri, mwisho umeharakishwa

Nyota nne kwa hadithi, mbili kwa gundi. Nianze na hadithi.

Ni riwaya fupi ya watoto. Wasichana wawili wa kisiwani, chanda na pete tangu chekechea, na mmoja wao anaanza kuandamwa na mikosi: kiatu kinakatika siku ya mtihani, punda anamwaga maji mlangoni kwao, mashua ya babake inashindwa vibaya kwenye mashindano. Mimi ni wa Lamu, na nilikifungua nikiwa tayari kununa, maana vitabu vingi vinavyotuhusu hutujazia majini kila kona na mganga juu yake. Humu hamna mganga. Nuksi ni maneno ya watu tu.

Ukisoma vizuri utaona kwamba rafiki alianza kujitenga kabla hata kiatu hakijakatika. Ameingia Gredi ya 7, amepata wenzake wapya, na hajui amwambie vipi mwenziwe wa zamani kwamba amemchoka. Mkosi unapotokea, sababu imepatikana. "Ana nuksi yule" ni rahisi kusema kuliko ukweli. Hilo sijaliona likiandikwa kwa watoto wetu. Ngano tulizokulia huvunja urafiki kwa pigo moja: kwenye ile ya kima na papa, ambayo Edward Steere aliichapisha mwaka 1870, papa anamwambia kima katikati ya bahari kwamba moyo wake unatakiwa uwe dawa ya sultani, na urafiki umekwisha hapo hapo. Humu unakwisha kidogo kidogo, na hakuna mbaya wa kumnyooshea kidole.

Sura bora ni ya mashua ya shule. Kila asubuhi wanakaa ubavu kwa ubavu. Siku moja anapanda, anakuta begi mahali pake. Hakuna anayesema neno. Nahodha anamwambia akae mbele, anarushiwa maji mpaka gatini. Binti yangu alikuwa akitusomea kwa sauti, akasita.

"Lakini mama, si angeliondoa tu hilo begi?"

Nyanyake alikuwa akisuka ukili, hakuinua hata kichwa. "Begi kama hilo haliondolewi, mjukuu wangu."

Huyo huyo nyanya alikuja juu tulipofika sura ya Mfunguo Tano. Wazee wa zamani walikuwa na desturi ya kushuka pwani kuoga Jumatano ya mwisho ya mwezi huo, yaani Safar, waondoe nuhusi, na mwandishi ameieleza bila kuicheka wala kuipamba. Mamangu akasema Mtume (S.A.W.) amekwisha kukataza: hakuna kuamini mkosi, si wa bundi wala wa Safar, na hadithi yenyewe iko katika Bukhari. Namuunga mkono, tena si kwa dini peke yake. Kisiwa kizima cha Waislamu, mtoto anaitwa nuksi mwaka mzima, na hata mwalimu wa madrasa hapati la kusema? Hapo sikuamini.

Mwisho ndio ulioniudhi. Baba anashinda mashindano, nuksi inatoweka, na rafiki anarudi mbio mikono wazi, yote kwa kurasa chache. Kama nuksi ilikuwa kisingizio, ushindi wa mashua unatibu nini? Binti yangu aliuliza kama wale wenzake wapya walikwenda wapi. Kitabu hakisemi.

Lugha ni nyepesi na mazungumzo yana ladha ya pwani, isipokuwa pale mwandishi anapokumbuka insha ya shule: jogoo anawika mwanzoni mwa karibu kila sura, na mtu hawezi kufurahi ila "furaha isiyo kifani". Mhariri angewachinja jogoo wote.

Sasa gundi. Kilikuja kwa basi kutoka Mombasa hadi Mokowe, kikavuka kwa boti kikiwa kizima, lakini kwa unyevu wa huku mgongo ukaachia kabla hatujakimaliza. Ukiwa mtu wa pwani, mpelekee fundi akishone mapema. Maandishi ni makubwa ya kutosha, picha ni chache na hazina rangi.

Wa miaka kumi na kuendelea atakisoma mwenyewe. Mdogo zaidi asomewe, na ile sura ambayo mashua inapotea usiku isisomwe wakati wa kulala.