Paka Dume Aliyezibwa Mkojo: Uzoefu Wangu na Kliniki Moja ya Mifugo Dar es Salaam

Bahasha, niliyemwita hivyo kwa sababu ya rangi yake ya kaki, ni paka dume wa miaka minne, amehasiwa, ni mnene kuliko inavyompasa, na kwa muda mrefu alikuwa akila chakula kikavu cha mfuko peke yake kwa sababu ya uvivu wangu wa kuchemsha samaki. Jumamosi moja alfajiri nilimkuta amechuchumaa kwenye beseni lake la mchanga, mkia ukitetemeka, akilia kwa sauti nzito ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Alitoka, akajilamba chini ya mkia, akarudi tena kuchuchumaa. Mchanga ulikuwa mkavu, isipokuwa tone moja jekundu lisilozidi punje ya mtama.

Nilidhani amefunga choo. Muuzaji wa duka la dawa za mifugo nililolikimbilia naye alidhani hivyo hivyo, akaniuzia dawa ya kulainisha choo bila kuniuliza kama paka anakojoa. Kufikia magharibi alikuwa ametapika mara mbili, amejificha uvunguni, na dagaa hawataki.

Kliniki ninayoielezea hapa ilitupokea saa mbili usiku. Daktari hakuanza na fomu wala bei. Alimpapasa tumbo, kisha akaniambia niguse mwenyewe, taratibu, bila kuminya. Kibofu kilikuwa kigumu kama chungwa bichi. Alinieleza kwamba mrija wa mkojo wa paka dume ni mwembamba sana kuelekea kwenye ncha, kiasi kwamba uteute uliochanganyika na chembechembe za madini unatosha kuuziba, na kwamba mkojo usipotoka, potasiamu hulimbikizana katika damu hadi moyo ukasimama, pengine ndani ya siku moja au mbili tu. Nilihesabu saa kimyakimya, nikaikumbuka ile dawa ya choo.

Walimwekea dripu, wakampa dawa ya usingizi, wakamzibua kwa katheta, yaani mpira mwembamba unaopitishwa kwenye mrija wa mkojo. Mkojo uliotoka ulikuwa na rangi ya juisi ya rozela. Alilazwa siku tatu. Nililipa shilingi 310,000, na lawama yangu ni kwamba gharama za kulazwa sikutajiwa hadi siku ya kumchukua, tena Jumapili nzima simu ya mapokezi iliita bila kupokelewa. Hayo wayarekebishe. Hata hivyo, kwa kazi yenyewe sina neno.

Kabla ya kuondoka daktari alinikalisha karibu robo saa. Alisema paka aliyezibuliwa huweza kuziba tena, hasa katika siku za mwanzo, hivyo nikimwona anajikamua bila kutoa kitu nisisubiri kuche. Nilimuuliza kama ningeweza kumpa paracetamol ya kutuliza maumivu. Alinikatalia kwa ukali, kwa kuwa hata kidonge kimoja kinaweza kumuua paka.

Siku hizi anakula chakula chenye majimaji alichoandikiwa, bakuli za maji zipo tatu, na kila asubuhi, kabla ya chai, nachota mchanga na kuhesabu mabonge ya mkojo. Leo yalikuwa mawili, moja kubwa kama yai.