Raba ya EPDM kwenye milango ya behewa: misimu miwili ya mvua za Makambako

Mwaka juzi nilinunua bodi la behewa la mizigo, lile la kufunikwa lenye mlango wa kusukuma kila ubavu, bila magurudumu yake. Niliyenunua kwake ni mtu wa vyuma chakavu. Alilipiga kofi ubavuni, likalia kama ngoma, akaniambia, "Hili limebeba sukari, bosi wangu. Ungekuwa wewe ndiye mwenye sukari, ungekubali livuje?" Nikaona jibu analo, nikalipa.

Nililiweka Makambako, juu ya matofali sita ya zege, liwe stoo ya mahindi na maharage. Anayeijua Makambako anaujua na upepo wake. Mvua za huku zinaanza Novemba na kwenda hadi Aprili, na nyingi hazishuki kutoka juu kama za watu wengine. Zinakuja kwa ubavu. Mvua kubwa ya kwanza ilipiga usiku. Asubuhi nilikuta magunia tisa ya karibu na mlango wa magharibi yamelowa mpaka katikati, na baada ya siku chache mengine yakaanza kuchipua humo humo ndani. Paa lilikuwa zima, halina hata tundu. Maji yote yalipita mlangoni.

Ndipo nilipouangalia ule mlango kwa mara ya kwanza kama mtu mwenye akili zake. Mlango wa behewa unaning'inia kwenye reli ya juu kwa magurudumu madogo mawili, na chini unaongozwa na mfereji wa chuma usiyumbe. Ili uteleze, lazima usigusane na ukuta, kwa hiyo kuna mwanya kuuzunguka wote. Wangu ulikuwa na mwanya wa milimita sita upande mmoja na kumi na nne upande wa pili. Si uzembe wa aliyeunda. Behewa likiwa safarini linajipinda kwenye kona, linapinda tena likishindiliwa mzigo, na mlango uliobanwa kabisa ungekwama, wapakuaji wakaishia kuupiga nyundo kila stesheni. Marekani walilizunguka tatizo hili kwa mlango wa aina nyingine: ukifika mwisho wa reli unazungusha mkono wa chuma, mlango wote unaingia ndani ya fremu kama kizibo cha chupa na kukaa sawa na ukuta. Ni mzuri, ila una vyuma vingi vya kuharibika, na wangu haukuwa huo.

Nilianza kwa bei rahisi, kama kila mtu. Sponji nyeusi yenye gundi mgongoni, ile ya kuviringishwa, inauzwa kwa ajili ya milango ya nyumba. Niliisafisha fremu, nikabandika, nikajisifu. Siku ya tatu nilipousukuma mlango, sponji ilikuja nao, imejikunja kama utumbo wa mbuzi. Iliyobaki ukutani ikawa inanyonya maji na kukaa nayo siku nzima, chuma cha nyuma yake kikaanza kutu. Nyota moja, na hiyo ni kwa sababu haikunichukulia pesa nyingi.

Nikahamia silikoni. Hapa nina aibu kidogo. Nilipaka mstari mnene kuzunguka fremu, nikafunga mlango ili silikoni ijichonge umbo la mwanya, nikaenda kulala. Kesho yake mlango na behewa vilikuwa kitu kimoja. Tuliufungua watu watatu na mtaimbo. Kisha nilijifunza jambo ambalo muuzaji hakuniambia: silikoni yenye harufu kali ya siki inatoa tindikali inapokauka, na kwenye chuma kilichochunika rangi inaleta kutu. Ipo nyingine isiyo na harufu hiyo, imeandikwa kwamba haina tindikali, na hiyo ndiyo ya kutumia kwenye chuma. Lakini hata hiyo ni ya kuzibia viungo vilivyotulia. Mlango unaofunguliwa kila siku haufai kuzibwa kwa kitu kinachokauka.

Aliyeninusuru ni mzee jirani, mstaafu wa karakana ya mabehewa. Alipita asubuhi moja akanikuta nakwangua silikoni kwa kisu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Unaua nini hapo?"

Nikamweleza. Hakutaka kuona raba wala gundi. Aliniomba chaki, akaingia ndani ya behewa tupu, akasema, "Nifungie. Usifungue mpaka nigonge." Nikafunga milango yote miwili. Nilikaa nje karibu robo saa nikisikiliza chaki ikikwaruza bati, na mara moja nikamsikia akicheka peke yake. Alipogonga na kutoka, jasho lilikuwa linamtiririka. "Una nyota ishirini na tatu," akasema. "Na pale pembeni juu una mwezi."

Ukiwa ndani gizani, mchana wa jua kali, kila tundu la mwanga ni tundu la maji. Alikuwa ameyazungushia chaki yote. Hicho ndicho kipimo walichokuwa wakikitumia kazini kabla ya behewa kupewa mzigo unaoogopa maji, na hakigharimu kitu. Nimekitumia mara nne tangu siku hiyo.

Kisha akanizuia nisinunue chochote mpaka kwanza tuyanyime maji njia. Kazi hii ilituchukua siku mbili na fundi wa kuchomelea, na naieleza kwa urefu kwa sababu bila hiyo raba ninayoisifia hapa chini isingefanya lolote. Juu ya reli ya mlango tulichomelea engo, yaani chuma cha umbo la L, ya milimita 40 kama gata ndogo, ina mteremko, na imepita upana wa mlango kwa sentimita kumi kila upande. Awali maji yote ya paa yalikuwa yanashuka moja kwa moja hadi kwenye magurudumu na kudondokea nyuma ya mlango. Kwenye ukingo wa nyuma wa mlango, ule unaobaki katikati ya ukuta mlango ukishafungwa, tulichomelea chuma kilichokunjwa mfano wa herufi Z, na kingine kama hicho ukutani, kimegeuzwa. Mlango ukifika mwisho vinashikana kama vidole vya mikono miwili. Upepo unaoleta maji inabidi ukate kona mbili, na huko maji yanaangukia chini nje. Ukingo wa mbele tuliuwekea fremuni chuma cha umbo la U, uingie humo.

Mfereji wa chini ulitushangaza zaidi. Ulikuwa umejaa punje za mahindi, udongo na maji yasiyo na pa kwenda, kwa hiyo yalikuwa yanapanda na kumwagikia ndani. Tuliusafisha, tukatoboa matundu ya milimita kumi kila baada ya sentimita 30. Matundu tu! Na kwa ndani tukachomelea kizingiti cha bapa chenye kimo cha milimita 25. Baada ya hapo mzee aliingia tena na chaki. Nyota zilishuka hadi nane, na hatujaweka hata mita moja ya raba.

Sasa bidhaa yenyewe. Ni raba ya EPDM, aina ile inayozibia milango ya magari, nyeusi, tupu katikati, umbo la herufi D lenye mkia wa kushikia, kimo cha milimita 12. Inauzwa kwa mita, na bei yake ya mita ilikuwa karibu mara tatu ya ile sponji. Uwazi wa mlango wangu ni mita 1.8 kwa 2.1, kwa hiyo mzunguko ni mita 7.8, milango miwili ni mita 15.6, nikachukua 18 kwa ajili ya pembe na makosa. Chukua ya ziada. Makosa yatakuwepo.

Sikuibandika kwa gundi. Kila kinachobandikwa kwenye mlango wa kusukuma kinang'oka, ni suala la lini. Tuliikandamiza mkia wake chini ya bapa jembamba la alumini, tukapiga riveti kila sentimita 15, juu ya chuma kilichopigwa msasa na kupakwa praima. Kwenye pembe tuliikata nyuzi 45 na kuunganisha kwa tone la silikoni isiyo na tindikali. Kiungo cha mwisho kiweke chini, kamwe usikiweke juu.

Ila siri iko kwenye jinsi mlango unavyokutana nayo. Raba haipendi kuburuzwa, inapenda kukandamizwa. Kwa hiyo mlango unateleza ukiwa mbali nayo, na sentimita chache za mwisho tu ndipo kabari nne za chuma zinapousukuma mlango kuelekea ukutani. Raba ya milimita 12 inabaki na nane au tisa. Ukiibana zaidi ya hapo inachoka na hairudi. Ukiibana kidogo, upepo unapita. Unaweza kupima kwa karatasi: ifungie mlangoni kisha ivute. Ikitoka kirahisi, hapo hapajabana. Ikikatika mkononi, umezidisha.

Tulimwagia maji kwa mpira wa bomba dakika 15 kila mlango, mwanangu akiwa ndani na tochi. Akatoka mkavu, isipokuwa alilalamikia joto.

Msimu wa kwanza haukupita bila kisa, na kisa ni changu mwenyewe. Magurudumu ya mlango yalikuwa yanapiga kelele, nikayajaza grisi ya gari. Jua la Januari likaiyeyusha, ikachuruzika juu ya raba ya upande wa juu. EPDM inavumilia jua na mvua vizuri sana, ndiyo maana inatumika kwenye milango ya magari na madirisha, lakini mafuta ya petroli haiyawezi kabisa. Baada ya wiki kadhaa kipande cha karibu mita mbili kilikuwa kimevimba kama andazi, laini, kinanata. Nilikikata na kubadilisha. Magurudumu siku hizi nayatilia unga mkavu wa grafaiti. Kama sehemu yako lazima ipate grisi na dizeli, tafuta raba ya aina nyingine, naitrili kwa mfano, ingawa hiyo nayo jua linaipasua mapema.

La pili lilinikosesha usingizi zaidi. Mvua haikuingia tena, lakini mwezi wa pili nilikuta magunia yaliyogusa ukuta yana madoa ya ukungu. Nilidhani raba imenisaliti. Kumbe behewa lilikuwa linatoka jasho. Makambako usiku ni baridi, bati linapoa, na unyevu uliomo kwenye mahindi unapanda na kuganda kwenye bati kama matone, kisha yanarudi chini. Nilikuwa nimeziba mpaka yale matundu ya hewa yaliyokuwa juu kwenye ncha za behewa, kwa bidii yangu ya kuziba, na mahindi yenyewe niliyaingiza yakiwa hayajakauka vya kutosha. Nikayafungua matundu, nikayawekea kofia za bati na wavu wa panya. Mahindi sasa hayaingii yakiwa na unyevu uliozidi asilimia 13.5, kiwango cha Afrika Mashariki. Nilipokuwa sina mashine ya kupimia nilitumia chupa na chumvi kavu: tikisa na mahindi, chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, rudisha mahindi juani. Magunia yanakaa juu ya chaga, nusu mita kutoka ukutani. Mahindi yaliyoota ukungu sikuyauza wala sikuyapeleka kwa kuku. Sumukuvu haina utani, na kuyafukia kuliniuma kuliko yale tisa ya kwanza.

Mtu akiniuliza kama ningeinunua tena, ningeinunua. Naipa nyota nne. Ya tano naizuia kwa sababu mbili: duka liliniuzia bila neno lolote kuhusu grisi, na vipande vya pembe vilivyotengenezwa tayari sikuvipata popote, ikabidi nikate mwenyewe. Mwenye kontena lenye milango ya bawaba asinunue hii, kontena lina raba zake za umbo jingine. Na mwenye behewa linalotembea bado asitegemee raba peke yake. Ule mtikisiko na kujipinda vitamshinda, atatumia Z na gata zaidi kuliko mimi, na ndani bado atatandika turubai.

Msimu huu wa pili umekaribia kwisha. Mlango wa mashariki umekauka kabisa. Wa magharibi, kona ya chini kushoto, bado unaniletea maji kama kijiko kimoja kila upepo unapogeuka. Nimebadilisha kabari, nimebadilisha kipande cha raba, nimeusawazisha mlango kwa pimamaji. Mzee ameingia na chaki yake mara mbili na hajaona nyota yoyote pale. Kwa sasa nimeweka kopo la maziwa, na kila asubuhi baada ya mvua nalichungulia kabla hata sijasalimiana na mtu.