Tathmini ya mafunzo kwa vitendo ya uzamili wa afya ya jamii katika halmashauri

Kwa mwanafunzi wa uzamili wa afya ya jamii anayechagua mahali pa kufanyia mafunzo kwa vitendo, ofisi ya Mganga Mkuu wa Wilaya inastahili kupewa nafasi ya kwanza, ingawa wengi hugombea mashirika ya kimataifa yaliyoko Dar es Salaam. Katika halmashauri niliyopangiwa, kazi yenye manufaa zaidi ilikuwa kuhakiki takwimu za zahanati: unafungua Kitabu namba 6 cha MTUHA (mfumo wa taarifa za uendeshaji wa huduma za afya), wanamoandikishwa wajawazito, unahesabu mahudhurio ya kwanza mstari kwa mstari, kisha unalinganisha na fomu ya majumuisho ya mwezi na tarakimu iliyoingizwa katika DHIS2, mfumo wa kompyuta wa kukusanyia takwimu za afya. Hapo ndipo unapoona jinsi mhudumu anayepima, anayechanja na kuandika peke yake anavyoweza kuruka safu nzima bila uzembe wowote.

Usimamizi haukuridhisha. Msimamizi kutoka chuoni aliishia kupiga simu, na gari la usimamizi shirikishi, yaani ziara za kukagua na kuelekeza zahanati, lilipokosa mafuta tulibaki ofisini kupanga mafaili. Posho nayo ilichelewa, na dereva wa bodaboda, kwa haki kabisa, hakopeshi.

Anayevutiwa na uchunguzi wa milipuko ya magonjwa aangalie FELTP, programu ya mafunzo ya epidemiolojia na maabara kwa vitendo, ambayo sehemu kubwa ya miaka yake 2 hutumika kazini badala ya darasani. Wengine waombe halmashauri, ila wadai hadidu za rejea kwa maandishi kabla ya kuripoti.