Shajara yenye akili mnemba: ipi ununue, ipi uiache

Katika simu nzima hakuna kitu kinachobeba siri nzito kuliko shajara. Picha huonyesha ulikuwa wapi, shajara husema ulikuwa unawaza nini saa nane usiku. Kwa hiyo nimezipanga programu hizi kwa kigezo ambacho matangazo yake hukiweka nyuma: maandishi yako yatasomwa wapi, na nani. Ubora wa majibu nimeuweka wa pili, bei ya tatu.

Kwanza tuelewane faida yenyewe hutoka wapi. Mwaka 1986 mwanasaikolojia James Pennebaker na mwenzake Sandra Beall waliwapa wanafunzi wa chuo kikuu kazi ya kuandika dakika 15 kwa siku, siku 4 mfululizo. Walioandika kuhusu tukio lililowaumiza pamoja na walivyojisikia waliinuka kwenye kiti wakiwa na huzuni zaidi, lakini katika miezi iliyofuata walikwenda zahanati ya chuo mara chache kuliko wenzao. Tafiti za baadaye hazikukubaliana zote, na kwa wastani faida iliyoonekana ni ndogo. Ila ni faida ya kweli, na waliipata bila mashine yoyote ya kuwajibu. Walikaa na donda lao, wakalitafutia maneno. Akili mnemba inayostahili pesa yako ni ile inayokufanya uandike zaidi. Ile inayokuandikia, au inayokukatiza sentensi ya pili ili ikupe ushauri, inakunyang'anya dawa yenyewe.

Sasa suala la siri, na hapa naomba usome taratibu. Programu nyingi hujinadi kwamba maandishi yamesimbwa mwanzo hadi mwisho, yaani yanageuzwa kuwa fumbo ambalo ufunguo wake unao wewe peke yako. Ni jambo jema. Lakini mashine iliyo kwenye seva, yaani kompyuta ya kampuni iliyo mbali nawe, haiwezi kujibu isichokisoma. Ukibonyeza kitufe cha kuchanganua au kufupisha, maandishi hayo hufunguliwa na kutumwa nje. Kwa kawaida basi, ahadi ya "hakuna anayeweza kusoma" na ahadi ya "tunakuelewa" haziwezi kutimia kwa pamoja, labda modeli, yaani ubongo wenyewe wa akili mnemba, iwe inafanya kazi ndani ya kifaa chako mwenyewe.

Hatari hii si ya kubuni. Mwaka 2020 nchini Finland, kumbukumbu za tiba za maelfu kwa maelfu ya wagonjwa wa kampuni ya Vastaamo zilitumiwa na wahalifu kuwatishia wagonjwa mmoja mmoja: lipa, au siri zako zitaanikwa. Mwaka 2023 nchini Marekani, kampuni ya BetterHelp ilikubali kulipa dola milioni 7.8 baada ya kushtakiwa kwa kuyapa makampuni ya matangazo taarifa za watu waliokuja kutafuta msaada wa afya ya akili.

1. Journal ya Apple

Ni ya bure, na imekuwa kwenye iPhone tangu Desemba 2023. Akili yake ni ndogo, na naipenda kwa hilo. Hutazama picha, matembezi, mazoezi na muziki uliosikiliza, kazi hiyo ikifanyika ndani ya simu, kisha hukupendekezea jambo la kuandika. Baada ya hapo hukuachia ukurasa. Haikujibu. Wapo watakaouona ukimya huo kama upungufu. Mimi nimeiweka juu kwa sababu yake. Tahadhari moja: mapendekezo yanaweza kukuletea uso wa mtu uliyempoteza siku ambayo hukujiandaa. Nenda kwenye mipangilio uzime aina za kumbukumbu usizotaka ziguswe. Mwenye simu ya Android aruke hadi namba 2.

2. Day One

Ipo tangu 2011, na tangu 2021 iko chini ya Automattic, kampuni yenye huduma ya kutengeneza tovuti ya WordPress.com. Umri ni sifa kubwa katika bidhaa hii. Woebot, chatiboti (programu ya kuzungumza nawe kwa maandishi) iliyojulikana sana katika msaada wa kisaikolojia, ilifungiwa watumiaji wake tarehe 30 Juni 2025. Shajara ya miaka kumi haifai kuwekwa kwenye kampuni inayotafuta bado namna ya kuishi. Day One husimba maandishi, na hukuruhusu kuyatoa yote kama faili ukihama. Ufunguo wa usimbaji uhifadhi mahali salama nje ya simu. Anza na toleo la bure. Na kila ukitumia kipengele cha akili mnemba, kumbuka niliyosema kuhusu kitufe.

3. Obsidian pamoja na Ollama

Hii ni ya mwenye kompyuta na uvumilivu. Obsidian huhifadhi maandishi kama faili za kawaida kwenye kompyuta yako. Ollama huendesha modeli ya lugha kwenye kompyuta hiyohiyo, bila intaneti baada ya kuipakua. Ukiwa na kumbukumbu ya RAM ya GB 8 unaweza kuendesha modeli ndogo. Siri haitoki nyumbani, na hulipi kitu. Ingekuwa ya kwanza kabisa kama si usumbufu wa kuisakinisha, na kama modeli ndogo zisingeyumba zikiandikiwa Kiswahili.

4. Rosebud

Kwa anayetaka shajara inayozungumza, hii ndiyo ningeijaribu kwanza. Unaandika, nayo inauliza. Baada ya muda hukuonyesha mambo yanayojirudia, kama vile kila ukitaja kazi unataja pia kukosa usingizi. Kwa mtu anayekwama mbele ya ukurasa mtupu, swali moja zuri ni msaada mkubwa, wala sitaki kulidharau. Nimeishusha kwa sababu mazungumzo hayo hupitia seva, matumizi kamili ni ya kulipia, na mtu huzoea haraka kuandika kwa kulisubiri jibu. Ukiichagua, maliza dakika zako 15 kwanza ndipo usome inachosema.

5. Chatiboti za kawaida

ChatGPT na wenzake wanaweza kugeuzwa shajara, na wengi wamefanya hivyo. Siwashauri. Hazikujengwa kwa kazi hiyo, na usipozima mpangilio unaohusika, mazungumzo yako yanaweza kutumika kuzifundisha modeli. Kubwa zaidi ni tabia ya kukubaliana nawe. Aprili 2025 OpenAI, kampuni yenye ChatGPT, ililazimika kuondoa sasisho la modeli yake ya GPT-4o kwa sababu lilizidi kuwasifu na kuwaunga mkono watumiaji. Mtu mwenye hasira au hofu akisifiwa kila wazo linalompitia, anazama.

Kuna kipimo ambacho sijakiona kwenye orodha za wengine, na kwetu ni cha lazima: iandikie kwa Kiswahili unachokiwaza. Niliwahi kuandika katika programu moja kwamba nina moyo mzito tangu msiba. Ikanishauri nikapimwe moyo. Usiku ule sikuandika tena. Jaribu "roho imenichafuka", jaribu "nimechoka na maisha", changanya lugha kama unavyochanganya ukizungumza, uone inasikia nini. Sentensi ya mwisho hasa itazame kwa makini. Programu nzuri haiipiti kana kwamba unalalamikia uchovu wa kazi; inasimama na kukuelekeza kwa binadamu. Na kama wewe unaiandika ukiwa unaimaanisha, funga simu umtafute mtu usiku huohuo, daktari, mshauri nasaha au ndugu unayemwamini. Hakuna namba yoyote kwenye orodha hii inayotosha kwa saa hiyo.

Kabla ya kulipa, tumia kipindi cha majaribio kwa wiki nzima. Siku ya kwanza usiandike siri, andika jambo la kawaida. Siku ya pili toa maandishi yako kama faili, uhakikishe yanafunguka kwingine. Soma kwenye sera ya faragha sehemu moja tu kama huna muda: ile inayosema maandishi hupewa nani. Siku ya saba futa akaunti, kisha jaribu kuingia tena. Ukikuta maandishi yako yangali pale, usiwape hata senti.