Ofisi ya ustawi wa jamii kwa baba aliyeachana: inafaa, ukienda na karatasi

Kwa baba wa Tanzania anayezungushwa kumwona mwanawe baada ya talaka, tunapendekeza aanzie ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri kabla ya mahakama. Afisa huwaita wazazi wote wawili, husikiliza na kuandika makubaliano.

Beba nakala ya cheti cha kuzaliwa cha mtoto, hati ya talaka, barua ya serikali ya mtaa na miamala ya matunzo. Hapa wengi hukwama: wametoa pesa mkononi, hawana ushahidi. Tuma kwa simu, tarehe ileile kila mwezi.

Udhaifu mkubwa ni lugha ya makubaliano. "Baba atamwona mtoto mara kwa mara" ni ugomvi uliofungwa kwenye bahasha. Dai iandikwe hivi: Jumamosi ya kwanza na ya tatu, saa 3 asubuhi hadi saa 12 jioni, mtoto akabidhiwe nyumbani kwa bibi, simu Jumatano saa 1 usiku, likizo ndefu, nusu kwa nusu.

Mama akikaidi, afisa hana meno. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamruhusu baba kuomba mahakamani nafasi ya kumwona mtoto. Kususa matunzo ili kumkomoa mama kunaharibu ombi hilo.

Ushauri nasaha kwa baba mwenyewe? Hafifu; foleni ndefu, faragha kidogo. Usingizi ukipotea wiki mbili mfululizo, nenda hospitali.