Mashine ya Saa ya Kopi Ikifa: Ununue Ipi, Uache Ipi

Binamu yangu alirudi kutoka Guangzhou na saa mbili za kopi, yake moja na ya pili zawadi yangu. Yake inatembea mpaka leo. Yangu haikumaliza mwaka. Fundi wa kwanza aliifungua, akaitia matone ya mafuta ya cherehani, akachukua elfu kumi yake, nami nikaondoka nimefurahi. Siku ya tano ilisimama tena, na safari hii mafuta yalikuwa yamesambaa hadi kwenye springi ile nyembamba kama unywele, mizunguko yake ikagandana. Wa pili akaniambia bila kunificha: "Kaka, hapa unahitaji mashine nyingine."

Tangu siku hiyo nimeshabadilisha mashine za saa kadhaa, zangu na za jamaa, na msimamo wangu ni huu: kwa saa ya kopi, mashine mpya nzima inayolingana na ile iliyokufa karibu kila mara inashinda kutengeneza. Kusafisha mashine sawasawa ni kuifungua yote, kuiosha, kuirudisha na kuipaka mafuta ya aina mbalimbali, kila aina mahali pake. Ni kazi ya saa nyingi. Fundi anayeijua kweli atakutoza zaidi ya bei ya mashine mpya, na kipuri kimoja kikiwa kimevunjika huenda asipate kinachoingia, kwa sababu viwanda vya kopi havifuati vipimo vya wenzao kwa uaminifu.

Lakini kabla hujatoa hela, hakikisha imekufa kweli.

Saa iliyokuwa ikienda vizuri halafu ghafla ikaanza kukimbia mbele dakika kadhaa kwa siku, mara nyingi imeshika sumaku tu. Spika, kava la simu lenye sumaku, kifungo cha mkoba, vyote vinaweza. Kuna kiboksi kidogo cha kuondolea sumaku, bei yake haifiki hata ya mkanda mzuri, na mafundi wengi wanacho. Kazi yenyewe ni ya sekunde chache. Ukisikia kitu kinagongagonga ndani, huenda ni skrubu ya lile bapa la nusu duara linalozunguka mgongoni mwa mashine ukitikisa mkono na kuijaza nguvu, imelegea. Na kama inasimama usiku wakati mchana inatembea, jiulize unafanya kazi gani. Mtu wa kukaa mezani hatikisi mkono vya kutosha kuijaza. Itie ufunguo kwa mkono, mizunguko thelathini hivi, uone kama itavuka usiku.

Ikivuka, pima. Zipo programu za simu zinazosikiliza mdundo wa saa kwa maikrofoni, na mafundi makini wana mashine ya kupimia. Mwombe akuonyeshe balansi, lile gurudumu linalokwenda na kurudi, inazunguka nyuzi ngapi za duara. Saa iliyojazwa, ikiwa imelala uso juu, ikionyesha kati ya 270 na 310, ni nzima. Ikishuka chini ya 200 kuna uchafu, ukavu au springi imechoka. Sharti pia aweke kwenye kipimo pembe sahihi ya aina ya mashine iliyomo, 50 kwa jamii ya ETA 2824 ya Uswisi na 53 kwa NH35 ya Seiko (zote nitazieleza hapa chini), la sivyo anakusomea namba za uongo bila kujua.

Sasa, ni mashine gani iliyo ndani? Usiamini maandishi yaliyochorwa kwenye lile bapa. Kwenye kopi, hayo ni mapambo. Hesabu mdundo na upime unene. Kopi nyingi za mishale mitatu na tarehe hutumia moja ya familia mbili. Ya kwanza ni ya ETA 2824-2 ya Uswisi: kipenyo milimita 25.6, unene 4.6, mdundo 28,800 kwa saa, yaani minane kila sekunde, hivyo mshale wa sekunde unateleza. Muundo huu ni wa zamani, hataza zake zimeisha, ndiyo maana Wachina wanautengeneza kihalali kabisa: Sea-Gull wa Tianjin wana ST2130, na kutoka Hong Kong kuna PT5000. Ya pili ni DG2813, Mchina mwingine aliyefuata muundo wa Miyota wa Japani, mdundo 21,600, mnene zaidi na rahisi zaidi. Kopi ya bei ya chini kabisa karibu hakika ina hii.

Ukishajua familia, huu ndio mpangilio wangu.

Nafasi ya kwanza: mashine mpya ya familia ileile

Kwa familia ya 2824, mimi hununua PT5000. Nilizofunga zimekuja zimepakwa mafuta vizuri na zimerekebishwa karibu na sifuri. ST2130 inaifuata, si mbali, ila ninazozijua zimetofautiana: moja safi, nyingine kavu kama mkate wa juzi. Zote mbili hupokea uso na mishale ya mashine ya zamani, kwa sababu miguu ya uso, vile vijiti vinavyoushika kwenye mashine, imekaa palepale na matundu ya mishale ni yaleyale: milimita 1.50, 0.90 na 0.25.

Kwa aliyekuwa na DG2813, usinunue DG2813 nyingine ingawa ni rahisi mno. Ongeza kidogo uchukue Miyota 8215. Ni kazi ya kampuni ya Citizen, ina vito 21 (vijiwe ambamo ncha za magurudumu huzungukia), inakaa na nguvu saa 42 hivi, na sifa yake kubwa ni ukaidi: haifi. Ina aibu zake. Bapa lake hujaza likizunguka upande mmoja tu, na upande wa pili linapepea kwa kelele utakayoisikia. Mshale wa sekunde nao hushtuka mara mojamoja kana kwamba umesahau kitu. Usiirudishe dukani kwa hilo, ndivyo ilivyoumbwa. Fundi ajaribu mishale kabla ya kukata kijiti cha pembeni, kile kinachoshika kifungo cha kutilia ufunguo, maana kopi hazina mwenyewe na vipimo huyumba.

Nafasi ya pili: Sellita SW200-1

Hii ndiyo mashine bora katika andiko hili, na bado naiweka ya pili. Sellita wa La Chaux-de-Fonds walikuwa wakiunganisha mashine za ETA kwa miaka mingi. Mwaka 2002 ETA ilipotangaza kwamba itapunguza kuuzia wengine, Sellita wakasimama na toleo lao. Vipimo ni vya 2824, kito kimeongezeka kimoja, vimekuwa 26. Inaingia bila ubishi. Ila bei yake inaweza kupita ya saa yote uliyonayo. Kama boksi la saa ni chuma kizuri, kioo ni cha yakuti na maji hayaingii, sawa. Kama rangi ya dhahabu imeshaanza kubanduka, unafunga injini ya lori kwenye mkokoteni.

Nafasi ya tatu: kusafisha iliyopo

Nashauri hili kwa watu wa aina mbili. Wa kwanza ni yule ambaye ndani ya kopi yake amekuta Miyota au Seiko halisi, jambo linalotokea. Wa pili ni mwenye ile kopi ya bei kali ambayo mashine yake imeiga hata umbo la 3135, mashine ya Rolex wenyewe. Hapo mashine ya 2824 haitakaa: uso, kijiti na boksi vimetengenezwa kwa umbo hilo pekee. Ama uisafishe, ama utafute mashine ileile kwa muuzaji wa mbali na uombe Mungu. Ukiona fundi anataka kusafisha bila kuifungua, anaichovya nzima kwenye petroli kisha anaitia mafuta, chukua saa yako uage kwa adabu.

Nafasi ya nne: kulazimisha NH35

Najua hapa nitagombana na watu. NH35 ya Seiko ni mashine nzuri sana: vito 24, saa 41 za nguvu, unaitia ufunguo kwa mkono, unasimamisha sekunde ukitaka kulinganisha na redio, na bei ni ya kirafiki. Kama saa yako ilizaliwa nayo, hiyo ni nafasi ya kwanza bila mjadala, badilisha utoke. Tatizo ni wanaotaka kuiingiza kwenye boksi la 2824 kwa sababu inapatikana kila mahali. Ina kipenyo cha 27.4 na unene wa 5.32. Milimita 0.72 za ziada zinasikika ndogo mpaka kifuniko cha nyuma kinapokataa kufunga. Miguu ya uso lazima ikatwe na uso ubandikwe kwa gundi, kijiti hakilingani na tundu la boksi, na mshale wa sekunde wa 0.25 unapwaya kwenye ncha ya 0.20. Nimeshaona iliyofungwa hivyo. Tarehe ilichungulia nusu dirishani, kama mtu anayesikiliza mambo ya jirani.

Ya mwisho: kronografu, saa yenye kipima-muda

Kopi zenye visaa vidogo usoni nyingi hutumia nakala ya Kichina ya 7750, mashine ya kronografu ya Uswisi, nene milimita 7.9. Ikiwa visaa vimekaa saa sita, saa tisa na saa kumi na mbili kama vinavyosomeka usoni, huo ni mpangilio wake wa asili na fundi mzuri anaweza kuisafisha. Lakini ikiwa sekunde za kawaida zimehamishiwa pale penye sita ili ifanane na saa fulani maarufu, ujue wameongeza magurudumu ambayo mashine haikuumbwa nayo, nayo ndiyo hukwama. Hiyo sinunulii kitu. Aliyonayo jamaa yangu anaivaa harusini, imesimama saa nne na dakika kumi, na hakuna aliyewahi kumuuliza saa.

Kuirudisha kwa aliyekuuzia sijakuweka kwenye orodha kwa sababu si chaguo. Kituo rasmi cha chapa iliyoandikwa usoni hakitaigusa, na bidhaa bandia ikikutwa njiani inaweza kukamatwa. Kenya kuna mamlaka nzima ya kupambana na bidhaa bandia, na Tanzania kazi hiyo inafanywa na Tume ya Ushindani. Mashine yenyewe, yenye nembo ya mtengenezaji wake, haina kesi hiyo: PT5000 ni PT5000. Tatizo linaanza ukiifunga kisha ukamuuzia mwenzako saa kwa jina la orijino.

Unapokabidhi kazi, kubalianeni bei ya kufunga kabla hajafungua, na umwulize kama ana kijiti kipya. Mashine mpya mara nyingi huja na kijiti kirefu kisichokatwa, na akikikata kifupi mno hakirefuki tena, utarudi dukani kununua kingine. Siku ya kuchukua, ondoka na mashine ya zamani pia. Skrubu zake na vishikio vyake vitahitajika, na kama ni ya 2824, wapo mafundi watakaoinunua kwa vipuri ukiwa bado umesimama pale kwenye kibanda chao.